Kona ya Malenga: Mizani Huhesabiwa kwa Mdomo

Barua za mwezi huu zimetoka mbali, na karibu zote zinauliza jambo moja: bahari za ushairi, yaani aina za tungo, zinatofautianaje, na mtu achague ipi? Nimezifupisha bila kugusa hoja zake, na majina ya waliotuandikia nimeyaacha. Ninajibu kama nilivyokuwa nikijibu darasani Tanga miaka yote ya ualimu wangu. Ombi langu kwa msomaji ni moja: kila ukutapo mfano wa ubeti hapa chini, usome kwa sauti. Ukiusoma kimyakimya, nusu ya jibu langu itakupita.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kilosa. Tumefundishwa kwamba tarbia ina mizani 16 kila mshororo. Nimetunga, lakini nikihesabu mara napata 15, mara 17, na mwenzangu naye anapata idadi yake. Tunahesabu nini hasa?

Marahaba mwanangu. Mnahesabu sauti, lakini mnazihesabu kwa macho, ndiyo maana hampatani. Mizani ni silabi kama inavyotoka mdomoni. Mshororo huu nimeutunga kwa ajili yenu wawili:

*Macho yangu yamefumbwa, nje wanabweka mbwa.*

Piga meza kwa kidole huku ukiusoma. Kipande cha kwanza: ma-cho-ya-ngu-ya-me-fu-mbwa. Nane. Cha pili: n-je-wa-na-bwe-ka-m-bwa. Nane tena. Sasa sikiliza hizo "mbwa" mbili. Kwenye "yamefumbwa" mkazo umekaa juu ya "fu", kwa hiyo herufi zote nne za mwisho zinatoka kwa pigo moja. Kwenye mbwa mnyama, neno ni fupi, mkazo hauna pa kukaa isipokuwa kwenye "m", nayo inasimama peke yake na kupata mizani yake. Maandishi ni yale yale, mapigo ni tofauti. Ndivyo ilivyo kwa "nje", ambayo ni n-je, na "njia", ambayo ni nji-a: zote mbili zina mizani mbili, ila "n" inajitegemea katika ya kwanza tu.

Ukishasikia hilo, mengine ni mepesi. "M" ya mtu, mto na mkate ni pigo kamili, lakini ikigusana na "w" inamezwa: mwa-na, mwa-li-mu. Mbu-zi na ndu-gu ni mapigo mawili mawili. Irabu zikifuatana, kila moja ina haki yake: ka-a, a-u. Na maneno yaliyotoka ugenini yakiwa na konsonanti isiyo na irabu, mimi humfundisha mwanafunzi aipe mizani yake: da-k-ta-ri.

Kwa kuwa mnatoka Kilosa, na mafuriko ya Mkondoa mnayajua kuliko mimi, tarbia yenu hii hapa:

*Masika yakishanyesha, mto wetu wafurika,*
*Kingo zake wazishusha, udongo unameguka,*
*Mashamba yametuchosha, kila mwaka twayazika,*
*Mto unatukumbusha, njia yake tumeshika.*

Ubeti mmoja, mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili, cha kwanza ukwapi na cha pili utao, nane kwa nane. Kina cha kati ni "sha", cha mwisho ni "ka", na havibadiliki mpaka ubeti uishe. Mshororo wa nne ndio kituo. Ukiurudia mwishoni mwa kila ubeti, unakuwa kibwagizo.

Jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: baada ya mizani ya nane mwimbaji anavuta pumzi. Kwa hiyo neno lisikatike hapo katikati, na wazo nalo lipate mahali pa kutua. Nimesoma mashairi mengi ya vijana yenye hesabu kamili lakini huwezi kuyaimba, kwa sababu pumzi inakwisha mahali ambapo maana bado inaning'inia. Na mizani ikikosekana, msikimbilie inkisari kwa kukata kila neno, wala mazida kwa kurefusha "enda" kuwa "enenda" kila mnapokwama. Ruhusa hizo zipo kwa ajili ya dharura. Kwanza tafuteni neno jingine. Kiswahili kina maneno ya kutosha.

Na 16 isiwe msahafu. Yapo mashairi mazuri ya 12, sita kwa sita, ambayo yana mwendo wa haraka zaidi. Shuleni husisitizwa 16 kwa kuwa ndiyo iliyoenea.

Dada Mwalimu, binti yangu anaolewa mwishoni mwa mwaka. Bibi zetu walikuwa wakisomewa Utendi wa Mwana Kupona, nami natamani nimwachie mwanangu maneno yangu mwenyewe. Sikusoma sana. Nitaweza? (Bagamoyo)

Utaweza, mdogo wangu, tena bahari unayoitaja ndiyo inayokufaa. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu huko Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua kwamba hana siku nyingi, alimtungia binti yake Mwana Hashima wasia wa zaidi ya beti 100. Mama anayehofu hatakuwepo kuongea alichagua umbo ambalo mtoto atalikariri bila kushika karatasi, na mpaka leo watu wanalikariri.

Utenzi, au utendi, ni mwepesi kuliko shairi kwa mtu anayeanza, maana hauna kina cha kati. Mishororo minne mifupi, kila mmoja mizani nane kwa kawaida. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, ambacho unakibadilisha kila ubeti. Wa nne una kina chake, na hicho ndicho kinachopita ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Sikiliza:

*Mwanangu keti karibu,*
*Nikwambie taratibu,*
*Usijifunze ghadhabu,*
*Uingiapo nyumbani.*

*Mshahara ukipata,*
*Fungu la akiba kata,*
*Shoga akija kuteta,*
*Yasivuke mlangoni.*

"Bu" imekwenda zake, imekuja "ta", lakini "ni" imebaki. Kabla hujaandika ubeti wa kwanza, chagua kina hicho cha nne kwa uangalifu, maana utaishi nacho. Chagua chenye maneno mengi: "ni", "ya", "wa", "ka". Ukijifunga na kina adimu, utafika ubeti wa kumi umeishiwa, uanze kusema usiyokusudia ili tu kina kipatikane. Kuhusu urefu usiogope. Utenzi ni bahari ya safari ndefu. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Wako ukiwa na beti 20 unatosha kabisa.

Nina neno moja la kuongeza. Chukua umbo la Mwana Kupona, nasaha zitoke kwako. Yeye alimwambia binti yake namna ya kuishi katika nyumba kubwa ya Kisiyu ya wakati ule, yenye watumwa na wageni wa mume. Binti yako ana simu, ana kazi, ana wakwe wa leo. Umwambie lile ambalo wewe peke yako unalijua kuhusu ndoa. Kisha siku ya kumpa, usimpe karatasi peke yake. Msomee kwa mahadhi, hata kama sauti itakukatika.

Mwalimu, salaam. Nimepeleka mashairi yangu gazetini mara nyingi, mhariri anarudisha jibu lile lile: "Hili ni guni, halina arudhi." Mimi naandika mashairi huru kwa makusudi. Je, hayo si mashairi? (Mwanza)

Swali lako limegombanisha watu wazima kwa miaka 50, na mimi nina upande wangu.

Mhariri wako anadai arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, na anasimama mahali penye heshima. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na humo alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika limekosa kitu cha msingi. Baadhi ya watu humsoma kama askari wa vina. Mimi namsoma tofauti: alikuwa akitetea sikio. Alijua kwamba kwa karne nyingi tungo hizi zilifika kwa watu kwa kuimbwa na kughaniwa, na wengi waliozihifadhi hawakuwa na kitabu mkononi.

Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, jirani yako huko ziwani, akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Alitaka ushairi utumie lugha ya watu kama wanavyozungumza. Wengine wakaungana naye. Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, nao wakautetea mwelekeo huo kwa hoja nzito. Wapo waliosema Kiswahili kinaporwa urithi wake. Sioni urithi uliopotea. Tarbia bado zinatungwa kila siku, na Kichomi kinafundishwa.

Kwa hiyo ndiyo, shairi huru ni shairi. Lakini hapa nataka nikubane kidogo. Aliyevua vina na mizani amejivua msaada mkubwa, na lazima apate kitu kingine cha kumfanya msikilizaji asimame. Uchukue mto ule ule niliowaandikia watoto wa Kilosa:

*Mto*
*ulirudi usiku*
*kuchukua*
*kilichokuwa chake.*

Hakuna kina. Kazi yote imebebwa na mahali mstari unapokatika. "Kuchukua" limeachwa peke yake, msomaji anangoja ajue kimechukuliwa nini, na jibu linampiga. Ukiandika maneno hayo kwa mstari mmoja, inabaki taarifa. Basi jipime hivi: mpe mtu asiyekujua shairi lako alisome kwa sauti. Akikata mistari pale ulipokata bila kuelekezwa, umefanya kazi. Akisoma kama habari ya gazeti, rudi mezani.

Wala usikubali wakikwambia kwamba arudhi ni ya watu watulivu na uhuru ni wa wenye hasira. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, Kenya: Twendapi?, akakaa gerezani mpaka 1972. Humo aliandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyokuja kutoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, mengi yakiwa na vina na mizani iliyokamilika. Hasira yake haikupunguzwa na vina hata chembe.

Mhariri wako ana haki ya kuchagua ukumbi wake uwe wa mapokeo. Hana haki ya kuliita shairi huru guni. Guni ni shairi lililokusudia kufuata arudhi likashindwa, na wewe hukukusudia hivyo.

Bi Mwalimu, kakangu anashikilia kwamba takhmisa ni shairi lolote la mishororo mitano. Mimi niliambiwa na mamangu kwamba takhmisa ni kulikamilisha shairi la mtu mwingine. Nani ana haki? (Mombasa)

Mamako ana asili, kakako ana matumizi ya leo. Takhmisa ilikuwa ni kumchukua mtunzi mwingine, mara nyingi aliyekwishakufa, na kumjaziza mishororo ili kila ubeti ufikie mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi, anatajwa kuwa ndiye aliyeutakhmisi wimbo wa Fumo Liyongo: mishororo miwili ya shujaa, mitatu ya kwake, ikiwa imeshonwa hata vina vikalingana. Ni adabu nzuri sana ya kuzungumza na marehemu, na inanisikitisha kwamba imefifia. Siku hizi shairi lolote la mishororo mitano huitwa hivyo, kama la mitatu linavyoitwa tathlitha na la minne tarbia. Ikiwa nyumbani kwenu kuna tungo za wazee, jaribuni nyinyi wawili kuutakhmisi ubeti mmoja wao. Mtaona jinsi inavyokulazimisha uelewe kila neno la aliyekutangulia kabla hujaongeza lako.

Mwalimu, mtihani uko karibu na bado nachanganya ukara, ukaraguni, mtiririko, pindu, kikwamba na msuko. (Mwanafunzi, Machakos)

Upesi basi, mwanangu. Matatu ya kwanza yanahusu vina. Vikiwa vile vile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ni mtiririko. Kimoja kikidumu shairi zima na kingine kikibadilika, ni ukara. Vyote vikibadilika kila ubeti, ni ukaraguni. Yaliyobaki yanahusu mpangilio wa maneno na mishororo. Pindu, au mkufu, maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Kikwamba, neno moja linarudi mwanzoni mwa mishororo au beti. Msuko, mshororo wa mwisho ni mfupi kuliko wenzake. Shairi moja linaweza kuwa na majina mawili au matatu kwa pamoja, kwa hiyo mtahini akikuuliza bahari, tazama kwanza anakuuliza kuhusu vina, idadi ya mishororo, au mpangilio.

Habari za kazi, Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi Dodoma. Nimepewa kazi ya kuandaa ngonjera ya mahafali ya darasa la saba. Kila mwaka watoto wanasimama mstari na kupiga kelele, wazazi wanapiga makofi, hakuna anayekumbuka kilichosemwa. Nifanyeje?

Uko nyumbani kwa ngonjera, mwalimu mwenzangu. Mathias Mnyampala, aliyezipa umaarufu, alikuwa Mgogo wa huko huko kwenu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 alizitumia kueleza siasa ya Ujamaa kwa wananchi, na Ngonjera za Ukuta zilichapwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye akiwa amekwishafariki mwaka 1969. Ukuta ni Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama chao washairi.

Kinachoua ngonjera nyingi za shule ni kukosa mabishano. Watoto kumi wanasema jambo moja kwa zamu, wote wanakubaliana tangu mwanzo. Hiyo ni risala yenye vina. Ngonjera inataka pande mbili ambazo kila moja ina sababu ya kweli. Tafuta jambo linalobishaniwa nyumbani kwa watoto hao hasa: mtoto aendelee na sekondari au akamsaidie baba machungani, binti akae kwa shangazi mjini au abaki kijijini. Mpe kila mmoja ubeti wenye hoja ambayo mzazi aliyekaa pale mbele aliwahi kuitamka mwenyewe. Mtoto wa upande mbaya asiwe mjinga. Akiwa na hoja nzuri, ukumbi utanyamaza kungoja atajibiwaje.

Uzoefu huu wa kujibizana kwa beti ni wa zamani kuliko shule zetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikigombana, Muyaka bin Haji alirusha beti zake kutoka Mombasa, na Lamu kulikuwa na Bwana Zahidi Mngumi wa kumjibu. Muyaka alileta ushairi sokoni, akatunga juu ya njaa, mapenzi, majirani na vita, na watu walizipokea beti zake kwa sababu walijua kuna mtu upande wa pili anayezisikia.

Kwa utekelezaji: beti zisizidi 12. Washiriki wasizidi wanne, darasa zima liitikie kibwagizo. Watoto watembee jukwaani, wageukiane wanapojibizana, wasiukabili ukumbi tu. Na kupiga kelele ukomeshe mazoezini kwa kuwataka waimbe kwanza. Aliyezoea kuimba ubeti hawezi kuupayuka.

Mwalimu wetu, mimi naishi Muscat, familia yetu ilitoka Unguja. Nyanya yangu, mzaliwa wa Mombasa, bado anaimba tungo za ujana wake. Nimeanza kuziandika, lakini nyingine mizani hazilingani: mara 14, mara 17. Nizirekebishe kabla ya kuzihifadhi?

Tafadhali usiguse hata silabi moja.

Tungo hizo zilitungwa ziimbwe, na mahadhi yana uwezo ambao karatasi haina. Pale unapoona 14, huenda nyanya anavuta irabu kwa mapigo mawili zaidi. Pale unapoona 17, huenda anameza silabi. Ukizilinganisha utakuwa umeandika wimbo mwingine ambao hakuna aliyewahi kuuimba. Isitoshe, si kila bahari ilifungwa na 16. Tumbuizo, kwa mfano, zina mishororo mirefu na zinakwenda kwa mkondo wake. Lahaja nayo usiibadilishe. Nyanya akisema "ndia", andika "ndia", usiandike "njia". Akisema "mato", usiandike "macho". Kina cha mstari mzima kinaweza kuwa kimeegemea hapo.

Muyaka niliyemtaja alifariki mwaka 1840. Beti zake nyingi zilikuwa zimebaki vinywani mwa watu wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa mji ule, alipozikusanya miongo kadhaa baadaye na kumfafanulia Mwingereza W. E. Taylor, na diwani ikaja kuchapwa mwaka 1940. Sikujua aliuliza, akaandika alichosikia na maana ya mambo yaliyotajwa humo. Bila yeye tungekuwa na jina tu.

Wewe una simu ya kurekodi, jambo ambalo yeye hakuwa nalo. Mrekodi nyanya akiimba, kila utungo zaidi ya mara moja na kwa siku tofauti, maana atakumbuka ubeti siku moja ambao siku nyingine umempotea. Weka matoleo yote. Baada ya kila utungo muulize aliupata kwa nani, uliimbwa katika shughuli gani, harusini, kwenye ngoma ya lelemama au jikoni, na nani alikuwa akiitikia. Muulize majina ya watu na mitaa yaliyomo, kabla hayajawa fumbo. Neno usilolielewa liandike kama lilivyosikika na uliwekee alama. Asipochoka, mwombe aimbe polepole huku wewe unapiga mizani kwa kidole, naye akusahihishe.